Mzazi Amekataa

Chepkemoi alijua kuongea kwa mikono, na alijua kwamba anajua. Hilo la pili ndilo lililoleta balaa.

Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali ndogo ya binafsi mjini Lodwar. Kwao ni Bomet, na kwa miaka miwili alikuwa amewahudumia Waturkana bila kujua Kiturkana zaidi ya salamu ya "ejok" na maneno mengine mawili matatu. Hakujisumbua kujifunza. Alimwonyesha mama kwa vidole jinsi ya kukoroga chumvi na sukari kwenye maji, akaigiza mtoto anayeharisha, akaigiza mtoto aliyepona anavyokimbiza mbuzi, na wodi nzima ikaangua kicheko. Mama akaenda nyumbani akafanya kama alivyoonyeshwa. Wenzake walimtania kwamba siku akivunjika mikono atakuwa bubu, naye akacheka na kuona raha.

Wagonjwa kutoka kambi ya Kakuma hakuwaigizia, kwa sababu hao walikuwa na mkalimani. Atem alikuwa Mdinka mwembamba aliyekulia kambini na Kiswahili chake alikiokota huko huko, na Chepkemoi alikuwa amezoea kumtazama yeye badala ya kumtazama mgonjwa. Alichojua juu ya watu wenyewe ni kile walichoambiana wauguzi wakati wa chai: kwamba ni warefu, wanavumilia maumivu, na wana dharau. Wanasonya. Unamsemesha mtu kwa upole, yeye anakusonyea. Hakuna aliyewahi kumwuliza Atem kulikoni, maana mambo ya chai huishia kwenye chai.

Jumamosi ya tarehe mbili Machi mwaka 2013 zilikuwa zimebaki siku mbili uchaguzi ufanyike, na Lodwar ilikuwa inahama. Walimu, makarani na wenye maduka waliotoka sehemu nyingine za nchi walikuwa wanarudi kwao, baadhi kwenda kupiga kura, baadhi kwa kukumbuka machafuko ya uchaguzi uliopita na kutotaka kukutwa ugenini. Saa mbili na nusu asubuhi Mutua, dereva wa ambulansi, alifika kutoka Kakuma akamshusha mama mmoja na binti wa miaka saba.

Karatasi ya kliniki ya kambini ilieleza kwa kifupi. Mtoto aliitwa Abang, mama yake Abuk. Walikuwa wamevuka mpaka majuma matano tu yaliyopita, hawakujua lugha yoyote ila Kidinka, na mtoto alikuwa anaumwa tumbo na kutapika nyongo. Hakuna mkalimani aliyepandishwa garini kwa kuwa Kakuma walijua Lodwar kuna Atem. Atem mwenyewe alikuwa ameomba ruhusa Ijumaa akaenda Kakuma kumwona mkewe aliyejifungua. Gari lilipoondoka Kakuma alikuwa huko huko, bila wao kujua. Chepkemoi alimpigia simu mara nne na kila mara akaambiwa mteja hapatikani.

Daktari Ochola alimbonyeza mtoto tumbo, akasikiliza, akabonyeza tena. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni, na gari la kumpeleka Kitale, aunganishe hadi kwao Siaya, lilikuwa linamngoja saa nne.

"Utumbo umejisokota," alisema. "Muda bado tunao. Nikimfungua sasa hivi nitaunyosha, na keshokutwa anakunywa uji. Tukingoja, utaoza. Mama yake akikubali, mimi siendi popote mpaka nimemaliza."

Ilikuwa lazima mama akubali. Mwaka uliotangulia mtoto wa mfugaji mmoja wa Kaaleng alikatwa bila baba kuulizwa, akafa mezani, na ukoo mzima ukakaa getini siku tatu. Tangu hapo mwenye hospitali alibandika amri ukutani: mzazi asipokubali, kisu hakishikwi.

"Zungumza naye," Ochola alimwambia Chepkemoi. "Wewe si ndiye hodari wa mikono?"

Chepkemoi akaenda. Abuk alikuwa amesimama kando ya kitanda, shuka la buluu limefungwa begani, msalaba mdogo wa mti shingoni. Chepkemoi akamshika mkono, akamtazama usoni, na akaanza kazi yake. Alionyesha tumbo la mtoto. Akakunja vidole vya mkono mmoja ndani ya vingine akavisokota, akakunja uso kwa maumivu. Akamwonyesha Daktari kule mlangoni. Akafumba macho na kulaza shavu kwenye viganja: mtoto atalala. Akapitisha kidole juu ya tumbo lake mwenyewe, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Akavisokotoa vile vidole mpaka vikanyooka. Akashona, sindano juu, sindano chini. Akafumbua macho, akatabasamu, akanyosha mikono kama mtu aliyeamka vizuri. Tuseme haki: aliigiza vizuri. Hata mama wa kitanda cha pili, Mturkana aliyekuwa na mtoto mwenye malaria, aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa kila kitu.

Kisha Chepkemoi akafungua viganja vyote viwili mbele ya Abuk, akainua nyusi. Unakubali?

Abuk aliinamisha macho. Akainua kidevu kidogo, na ulimi wake ukalia nyuma ya meno. Tsk.

Chepkemoi alihisi uso ukimwaka moto. Kule kwao, ukitaka kupigwa na mama yako mbele ya wageni, msonyee. Akameza mate, akajikaza kikazi, akarudia yote tangu mwanzo, haraka kidogo na bila kutabasamu. Kidole juu ya tumbo. Sindano. Viganja. Unakubali au hukubali?

Tsk, alijibu Abuk, bado akitazama chini. Na papo hapo akainama, akamfunika mtoto kwa shuka la kitanda, akamwinua kifuani na kugeukia mlango.

Sasa hapo damu ilimchemka Chepkemoi. Mtu anaonyeshwa namna ya kumwokoa mwanawe, anasonya mara mbili, halafu anamnyakua aondoke naye! Akamzibia njia. Akamtoa mtoto mikononi mwake, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akamrudisha kitandani na kumwekea dripu. Abuk hakushindana naye. Alirudi pale pale kando ya kitanda akasimama.

"Amekataa," Chepkemoi alimwambia Ochola.

"Una hakika? Amekuelewa?"

"Daktari, amenisonyea. Si mara moja, mara mbili. Na alitaka kumtorosha mtoto."

Ochola alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki alipaswa kwenda kumwona mama mwenyewe. Lakini dereva alikuwa anapiga honi na safari ilikuwa ya siku nzima. Alimtazama Abuk kwa mbali, akamwona mwanamke aliyesimama wima na kuangalia pembeni, na picha hiyo ikaafikiana na alichoambiwa. "Andika kwenye faili," alisema. "Endeleeni kumtafuta Atem. Akibadilisha nia, nipigieni." Chepkemoi akaandika kwa mwandiko wake mzuri: mzazi amekataa. Akatia saa na sahihi.

Asubuhi ikasogea. Abuk hakuketi. Walimletea kiti, akakisogeza kando. Walimletea chai, akaiweka dirishani na kuiacha ipoe. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aligeuka, akakaza shuka begani, akamtazama aliyeingia, kisha akarudisha macho kwa mtoto. Saa tano alifanya hivyo. Saa sita alifanya hivyo. Chepkemoi alimwona na akamweka kwenye fungu la wakaidi, wale wanaokulinda usimguse mtu wao.

Nabei, mfagiaji wa wodi, mama wa makamo kutoka Nakalale, alisimamisha ufagio wake.

"Sista, huyu mama iko anangoja kitu."

"Anangoja nini? Amekataa mtoto asitibiwe."

"Mtu akikataa anakaa chini," alisema Nabei. "Huyu amesimama kama mtu ataitwa."

"Nabei, fagia."

Nabei akafagia. Ningependa kusema kwamba maneno yake yalimwingia Chepkemoi hata kidogo, lakini hayakumwingia. Alikuwa ameumia moyo, na aliyeumia moyo huwa na hakika kupita kiasi.

Saa saba mtoto aliacha kulia. Kipngeno, tabibu wa zamu, alimpima na hakufurahi: tumbo lilikuwa limekaza, mapigo ya moyo yako juu, miguu inaanza kuwa baridi. Yeye hakuwa mpasuaji. Aliongeza maji ya dripu, akaongeza dawa, akasema tumwombe Mungu mama alegeze moyo.

Saa nane na robo Atem aliingia na vumbi la njia kwenye nyusi. Mwanawe ni wa kiume, alisema, na simu iliisha chaji tangu Ijumaa, samahani. Kabla hajamaliza kuomba samahani Abuk alishaanza kumsemesha. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa wodi ile kusikia sauti yake. Ilikuwa sauti ya chini, ya adabu, na ilikwenda haraka. Atem alimsikiliza, akamtazama mtoto, akamgeukia Chepkemoi.

"Sista, anauliza mtakata saa ngapi."

"Kukata nini?"

"Tumbo ya mtoto. Anasema uliuliza yeye asubuhi, akakubali. Ukauliza tena, akakubali tena. Akabeba mtoto akupelekee pale kwa daktari, wewe ukarudisha kwa kitanda. Sasa alifikiri zamu yake haijafika. Anasema amesimama ili mkiita asicheleweshe nyinyi."

"Hakukubali, Atem. Alinisonyea."

Atem akainua kidevu kidogo, na ulimi wake ukalia nyuma ya meno. "Alifanya hivi?"

"Ndivyo hivyo."

"Hiyo kwetu ni ndiyo," alisema Atem polepole, kama anayetamani iwe kitu kingine. "Mtu mkubwa akikuuliza, mtu wa heshima, hutoi maneno mengi. Unaangalia chini, unafanya hivyo. Ndiyo."

Chepkemoi alishika chuma cha kitanda. Aliona asubuhi yote ikipita mbele yake kwa mpangilio mwingine: macho yaliyoinama, shuka lililomfunika mtoto asishikwe na baridi njiani, mikono yake mwenyewe ikimpokonya. Akaenda kwenye simu.

Ochola alikuwa ameshapita Kainuk, anaanza kupanda milima ya Marich. Alisikiliza bila kukatiza. Kisha Chepkemoi akamsikia anamwambia dereva ageuze gari, na dereva anauliza kugeuza kwenda wapi. Kipngeno naye alipiga simu kila alikojua kuna mtu anayeshika kisu, na kila aliyemjibu alikuwa njiani kwenda kupiga kura. Walimtayarisha mtoto hivyo hivyo. Walimvua, wakamsafisha tumbo, wakamwingiza kwenye chumba cha upasuaji kisichokuwa na mpasuaji, kwa sababu Chepkemoi alishikilia kwamba Daktari akifika asipoteze hata dakika. Abuk alipoona kitanda kinasukumwa alitembea kandoni mwake hadi mlangoni, akaachia mkono wa mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaketi. Uso wake ulikuwa umetulia. Ameitwa.

Abang alikufa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Ochola alikuwa bado hajarudi hata Kalemng'orok.

Atem ndiye aliyemwambia mama. Alisema Mungu amemchukua, na hakusema zaidi. Chepkemoi alisimama nyuma yake, mikono ikining'inia. Wala hakuna aliyemtazama.

Jumapili asubuhi mwili ulirudishwa Kakuma. Muuguzi hakulazimika kwenda, lakini Chepkemoi aliomba, na Mutua akamfungulia mlango wa mbele. Nyuma walikaa Abuk, mkono juu ya kijeneza cha mbao nyepesi, na Atem. Abuk hakujua Kiswahili, kwa hiyo Chepkemoi aligeuka tu kwenye kiti na kusema mbele yake alichokesha akikisema peke yake.

"Atem, leo umwambie. Mwambie ni mimi. Mwambie alikubali na mimi nikaandika amekataa."

"Mimi siwezi, Sista."

"Kwa nini?"

"Ataniuliza mimi nilikuwa wapi." Atem alitazama nje, kwenye miiba na mchanga uliokuwa unapita. "Wewe ukianza kusema, nitatafsiri yote. Sitaruka neno. Lakini mimi sianzi."

"Basi nitaanza mimi," alisema Chepkemoi, na alikusudia. Saa tatu za njia mbovu alizitumia kupanga maneno. Aliyafupisha mpaka yakabaki machache: Hukuchelewa. Ulikubali. Mimi ndiye nilikosea. Hata mtoto angeweza kuyatafsiri hayo. Alijua atalaaniwa, labda atapigwa, na alikuwa anangojea hilo karibu kwa hamu, maana lingekuwa jambo alilostahili.

Kambini wanawake wa kanisa walikuwa wamekusanyika, vitambaa vyeupe kichwani, ngoma moja, misalaba ya kushonwa kwa nyuzi. Waliimba kwa Kidinka mpaka kaburini. Chepkemoi alisimama nao katika jua hilo na hakuelewa neno, lakini wimbo wa kuzika mtoto hauhitaji mkalimani, akalia na wanaolia. Mwanamke mmoja asiyemjua alimpangusa machozi kwa pembe ya shuka lake. Hilo lilimchoma kuliko kofi.

Walipomaliza, Mutua alikwenda kuliweka gari kivulini. Abuk akamjia Chepkemoi. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha macho kama alivyofanya wodini, akasema maneno mengi kwa sauti ile ya adabu. Wale wanawake walisogea kusikiliza. Atem aliyangoja yaishe.

"Anakushukuru kwa kumsindikiza," alisema. "Na anauliza kitu. Mtoto alianza kulia Alhamisi. Yeye alifikiri ni mtama ya mgao, tumbo haijazoea. Akangoja. Ijumaa pia akangoja kidogo kwa foleni, halafu akapeleka kliniki. Anauliza kama alichelewa. Anasema wewe unajua, wewe ulikuwa karibu na daktari. Umwambie ukweli, kama ni yeye aliua mtoto kwa kungoja."

Hapo ndipo. Swali lenyewe lilikuwa limekuja kumtafuta, na maneno yake matatu yalikuwa tayari. Abuk aliinua macho na kumtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mara moja, akingoja.

Chepkemoi alifungua mdomo. Akaona macho yale, na aibu ikampanda. Hakuweza kuyastahimili. Uso wake ukaanguka wenyewe, kichwa kikainama, na mkono uliokuwa huru ukaja kuziba mdomo.

Alipoinua kichwa Abuk alishamwachia mkono. Hakuwa amengoja tafsiri. Alikuwa amewageukia wale wanawake na kusema maneno machache, akijigonga kifua kwa ncha za vidole, na mmoja wao akatoa yowe. Wengine wakamshika mabegani wakamkalisha mchangani. Alikaa jinsi alivyokalishwa, miguu imenyooka mbele, akiendelea kujigonga taratibu.

"Amesema nini?" aliuliza Chepkemoi.

"Amewaambia hivi: 'Sista amesema ni mimi.'"

"Lakini sikusema kitu!"

"Ndiyo," alisema Atem. "Hukusema. Uliangalia chini."

Alisimama pale akimtazama, mikono nyuma, akimpa nafasi. Abuk alikuwa hatua kumi kutoka walipo. Mutua alikuwa bado hajawasha gari. Chepkemoi aliwatazama wale wanawake, walivyokuwa wengi, na yule aliyempangusa machozi akiwa katikati yao. Mkalimani alikuwepo, muda ulikuwepo, na hakuna aliyemziba mdomo.

"Twende, Mutua," alisema, akaingia garini.